Mrejesho: maktaba na kutafuta kazi, Mombasa

Nilikuwa nimewauliza kama maktaba ya umma yaweza kumfaa mtu mwenye diploma ya uchukuzi aliyekaa nyumbani bila kazi. Yafaa, ila msitarajie ofisi ya ajira. Mhudumu, dada mmoja mpole, alinikalisha kwenye kompyuta tukaupunguza wasifukazi wangu ukabaki kurasa mbili. Picha na dini tukaviondoa (babangu hajaridhika bado). Kilichopanda juu ni yale mafunzo ya kazini bandarini Kilindini, nilipokuwa nakagua stakabadhi za makontena. Papo hapo nikaomba cheti cha polisi cha maadili mema kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), shilingi 1,050. Alama za vidole za cheti hicho ni safari nyingine. Kazi sijapata, lakini Jumanne nimeitwa mahojiano Changamwe. Ahsanteni, hasa aliyesema nianzie maktaba.