Je, ardhi ya Pwani hushuka kwa uzito wa mvua za masika?

Mwalimu wa Shela aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi hufundisha jiografia hapa Lamu, na kila mwaka baada ya masika huwapeleka wanafunzi kupima kina cha maji katika visima vilivyo karibu na matuta ya mchanga ya Shela. Safari hii mmoja wao aliniuliza swali lililonishinda: ikiwa maji yote haya yana uzito, mbona ardhi inayoyabeba haishuki? Nimesoma kwamba vipokezi vya setilaiti (GPS) huonyesha ardhi ikishuka wakati wa mvua na kupanda wakati wa kiangazi. Lakini nimesoma pia kwamba kuna mahali ambapo ardhi hupanda maji yanapojaa chini yake, na kushuka yanapovutwa kwa pampu. Lipi ni la kweli, na je, vipimo hivyo vyaweza kutufaa kwa visima vyetu?

Mpimaji wa Malindi alijibu:

Wa aleikum salaam, mwalimu. Yote mawili ni kweli, ila ni mambo mawili tofauti.

La kwanza ni uzito. Maji ya kina cha mita 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba yana uzito wa tani nzima, na yakienea mamia ya kilomita, mwamba ulio chini hubonyea. Fikiria kitanda cha kamba: mtu akiketi katikati, kamba hushuka, na kilichowekwa pembeni huelemea upande wake, akiinuka, kamba hurudi. Mwamba nao hushuka na kusogea kidogo kuelekea kwenye mzigo, kisha hurudi mzigo ukiondoka. Mfano mkubwa ni Manaus, katika bonde la Amazon nchini Brazili, ambako watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba kituo cha GPS hupanda na kushuka kati ya milimita 50 na 75 kila mwaka, kwa kufuata mto unavyojaa na kupungua.

La pili ni tabaka la udongo lenyewe. Maji yaliyo katikati ya chembe za udongo wa mfinyanzi husaidia kuubeba udongo ulio juu. Yakivutwa, chembe hushikana na ardhi hudidimia, na mara nyingi hairudi yote. Katika bonde la San Joaquin huko California, ardhi ya sehemu moja ilididimia karibu mita 9 kati ya mwaka 1925 na 1977 kwa sababu ya pampu za mashamba. Jimbo hilohilo lilipopatwa na ukame mkali, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha milima yake ikiinuka hadi milimita 15, kwa kuwa mzigo wa maji na theluji ulikuwa umepungua. Watafiti hao walilazimika kuviacha vituo vya bondeni, maana vilikuwa vikienda kinyume.

Msomaji wa Mambrui alijibu:

Naongeza jambo ambalo sisi watu wa Pwani hatuwezi kulipuuza: bahari nayo ni mzigo. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3 na kupwa ndani ya saa chache, na ukingo wa nchi hubonyea na kuinuka pamoja nayo. Anayetaka kuuona uzito wa masika lazima kwanza auondoe kwenye hesabu uzito wa maji kujaa na kupwa, halafu uzito wa hewa, halafu mwendo wa bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia tunachokaa juu yake, linalotusogeza kaskazini mashariki karibu sentimita 3 kwa mwaka.

Simu ya mkononi haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hukosea kwa mita kadhaa. Kipokezi cha wapimaji hufuatilia wimbi lenyewe la redio, lenye urefu wa takriban sentimita 19, na vipimo vya siku nzima huunganishwa kupata nukta moja. Hata hivyo kimo hubaki na kosa kubwa kuliko mlalo, kwa sababu setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna hata moja chini ya miguu yetu. Antena pia isiwekwe juu ya paa, kwa maana jua la kaskazi hutanua jengo, na mtu akadhani ni ardhi inayopanda.

Tunacho kituo jirani cha GPS, kiitwacho MAL2, katika eneo la kituo cha anga karibu na Ngomeni. Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, hutoa bure mfululizo wa vipimo vyake vya kila siku.

Mwalimu wa Shela:

Nawashukuru sana. Basi kwa visima vyetu niseme nini?

Mpimaji wa Malindi:

Kwa visima, mwalimu, endelea na kamba yako ya kupimia kina. Maji matamu ya Shela yamekaa katika eneo jembamba mno kuweza kuubonyeza mwamba kwa kiasi cha kuonekana, na mchanga haudidimii kama mfinyanzi. Pima kina cha maji pamoja na chumvi yake, na uandike saa ya kujaa na kupwa kila unapopima, kwa kuwa kisima kilicho karibu na bahari huifuata. Kisha wanafunzi wachore kimo cha MAL2 cha miaka kadhaa, mwezi kwa mwezi, waangalie kama Aprili na Mei hutofautiana na Februari. Mkiwa tayari nitumie michoro, nami nitawasaidia kuondoa mwendo wa bamba.