Tupeane uzoefu: nani bado anahangaika na programu za DOS (ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) ndani ya Windows?

Kibodi Mbovu: Wakuu, heshima kwenu. Leo nimeingia duka la spea la mzee mmoja, nikakuta skrini ya bluu, maandishi meupe, F2 kuhifadhi, Esc kutoka. Programu ya stoo iliyoandikwa kwa Clipper, lugha ya kuundia programu za DOS, enzi za Mkapa, inapiga kazi ndani ya Windows XP. Nikakumbuka nilivyoteseka. Wewe ilikukuta wapi?

Shemeji wa Sinza: Ukisikia feni inanguruma kama mashine ya kusaga na hakuna aliyegusa kitu, ujue Clipper ipo kazini 😂

Kibodi Mbovu: Hahaa kweli. Inakaa inaiuliza kibodi "umebonyezwa? umebonyezwa?" bila kupumzika, prosesa yote inaisha hapo.

Mzee wa Flopi: Mimi ni Turbo Pascal, lugha nyingine ya kuandikia programu za DOS. Mradi wa chuo ulikuwa unakwenda safi kwenye 486. Siku ya kuuonyesha tukapewa Pentium II mpya. Nafungua tu: Runtime error 200. Nikadhani virusi. Kumbe ile yuniti ya CRT (kipande cha Pascal kinachoshughulikia skrini na kibodi) ikianza hupima kasi ya mashine kwa kuhesabu mizunguko, halafu inagawa kwa 55. Mashine ikiwa na mbio sana, jibu linazidi 65,535, halienei kwenye biti 16, inakufa papo hapo. Yaani nilifelishwa na kompyuta nzuri.

Pwani Raha: Mkuu umenikumbusha machungu.

Mama Leja: Nyie mnacheka, mimi nililia. SACCOS ya walimu, mimi mhasibu. Programu ya mikopo aliiandika kijana mmoja akahama mkoa na msimbo wake, tukabaki na EXE, faili la kuendeshea tu. Windows 98 ikapigwa na radi, tukaletewa XP. Programu ikafunguka, ikalalamika imeishiwa mafaili. Fundi akaongeza FILES (idadi ya mafaili yanayoweza kufunguliwa pamoja) kwenye CONFIG.NT, faili la mipangilio ya DOS ndani ya XP, ikakubali. Nikashukuru Mungu.

Mwisho wa mwezi, inapanga upya indeksi (orodha inazotumia kutafuta kumbukumbu), mimi nimekwenda kunywa chai. Mwanafunzi wa field akaona dirisha jeusi limeganda, akabofya ile X ya pembeni. Windows ikamwonya. Akabofya ndiyo. Akazima na mashine, akaenda zake.

Asubuhi foleni hadi nje. Nikimtafuta mwalimu mstaafu mwenye akiba zake, anakuja mwalimu wa ajira mpya anayedaiwa 1,400,000. Nikiandika namba ya mwenyekiti, wanasema hayupo. Mzee wa watu akaniuliza, "Binti, hela yangu mmempa nani?" Mwenyekiti anapiga simu, mimi natetemeka, kijana wa field kajifungia chooni.

Ngoja, nina mgeni. Nitarudi.

Pwani Raha: Mama usitufanyie hivyo!!

Shemeji wa Sinza: Nakaa hapahapa na karanga zangu.

Dogo Linux: Hizi shida zote dawa ni DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS. Weka, sahau.

Mzee wa Flopi: Dogo, DOSBox imetengenezwa kwa ajili ya gemu. Itoe risiti kwenye printa ya Epson LX-300 tukuone. Na watu wanne wakiandika kwenye DBF (faili la data) moja je?

Dogo Linux: Ipo vDos mzee, inachapisha. Hamsomi.

Mzee wa Flopi: Nilikuwa nasoma kabla hujazaliwa.

Pwani Raha: Acheni ugomvi, tunamsubiri mama.

Kibodi Mbovu: Kwa wanaouliza inbox: Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16 kama hizi za DOS, msihangaike na "compatibility". Windows 10 ya biti 32 inaweza, ukiiwasha NTVDM, sehemu yake ya kuendeshea programu za DOS. Windows 11 haina biti 32, hapo weka XP ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Printa ya USB, ishea kwanza, halafu iunganishe na LPT1, tundu la printa ambalo DOS inalijua: net use lpt1: \\kompyuta\printa /persistent:yes

Shemeji wa Sinza: Au nunua mashine ya zamani pale Kariakoo uifungie kabatini. Mimi nafanya hivyo.

Dogo Linux: Ikifa?

Shemeji wa Sinza: Nanunua nyingine.

Mama Leja: Nimerudi. Siku tatu nililipa watu kwa kusoma makaratasi niliyochapa mwezi uliopita. Ya nne nikampata yule kijana kwa simu. Akacheka! Akasema DBF ni nzima, kilichovurugika ni indeksi tu. Nakili folda nzima pembeni, futa faili zote za NTX (ndizo indeksi), fungua programu, itajenga upya. Dakika 11. Nilikuwa naziangalia kwenye saa ya ukutani. Akatokea mstaafu wangu na akiba yake yote. Tangu siku hiyo mausi nafungia kwenye droo.

Pwani Raha: Siku tatu kwa ajili ya X 🙆

Dogo Linux: Mama, DBF inafunguka kwenye LibreOffice, mngehamisha mapema.

Mama Leja: Mwanangu, wakati huo hata flashi tulikuwa tunaazima.

Kibodi Mbovu: Nimerudi kwa mzee wa spea nimwombe tunakili folda yake. Ameiangalia flashi, akaniuliza itaingiaje kwenye tundu la flopi, A: