Ulinganisho: RTX 5090 na skrini tatu kwenye joto la pwani, feni, AIO au lupu kamili ya maji?

kona_ya_tatu

Wakuu, tuijadili mashine moja tu ili tusitawanyike. Prosesa ni Ryzen 7 9800X3D, kadi ya picha RTX 5090, skrini tatu za inchi 27 zenye pikseli 2560 kwa 1440, na kazi yake ni gemu za mbio za magari, iRacing na Assetto Corsa. Chumba kiko Dar, na Januari mchana kina nyuzi 31 kabla mashine haijawashwa. Swali ni namna ya kuipoza. Naona njia nne:

A. AIO (kipozaji cha maji kilichojazwa na kufungwa kiwandani) ya milimita 360 juu ya prosesa, kadi ibaki na feni zake.
B. Kadi iliyotoka kiwandani na AIO yake, mfano MSI Suprim Liquid yenye rejeta ya 360, halafu prosesa ipewe kipozaji cha feni kama Peerless Assassin 120 au NH-D15.
C. Lupu ya kujijengea, prosesa na kadi ndani ya mzunguko mmoja wa maji, kwa mipira laini.
D. Lupu hiyohiyo kwa bomba ngumu.

A ndiyo wauzaji wanayoisukuma sana, na kwangu imekaa kichwa chini. 9800X3D kwenye gemu mara nyingi haifiki wati 100, na ukomo wake wa kiwandani ni 162. RTX 5090 imepangiwa wati 575. Unampa rejeta mwenye joto dogo, mwenye joto kubwa unamwacha avute hewa ya moto aliyoitoa mwenyewe. Kwa hiyo ushindani wa kweli ni B na C. Waliozoea lupu, katika nyuzi 31, njia ya C inaishinda B kwa kiasi gani?

Rejeta360

Mkuu, maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Yanabeba joto tu hadi kwenye rejeta, na hapo ukubwa wa rejeta ndio unaoamua. Kipimo cha mafundi wengi: kila sehemu ya feni moja ya milimita 120 huondoa kama wati 100 feni ikizunguka mara 1000 hadi 1200 kwa dakika, maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa inayoingia. Ni makadirio, ila yanatosha kulinganisha.

Kwenye B, wati 575 zinaingia kwenye sehemu tatu za rejeta ya 360, kama wati 190 kila moja. Kwa feni za taratibu maji yangefika nyuzi 50. Hayatafika huko kwa sababu feni zitakaza mwendo, na wewe utazisikia. Kwenye C yenye rejeta mbili za 360, tuseme joto lote ni wati 700, kila sehemu inabeba wati 117 na maji yanakaa karibu nyuzi 43 kwa utulivu. Chipu ya kadi iliyofungwa bloku (kipande cha metali kinachopitisha maji juu ya chipu) vizuri hukaa nyuzi 15 hadi 20 juu ya maji, yaani sitini na kidogo. Ukiongeza rejeta ya tatu unashuka nyuzi 4 tu. Kwangu hiyo ya tatu ni ya mwenye kasha lenye nafasi ya bure, usinunue kasha jipya kwa ajili yake.

Kitu kinachoharibu hesabu hii ni mpangilio wa hewa. Watu hufunga rejeta ya mbele ikivuta ndani na ya juu ikitoa nje. Ya juu sasa inapata hewa iliyokwisha kupita kwenye ya mbele. Wati 350 ndani ya hewa ya feni tatu za taratibu huipandisha kama nyuzi 5, kwa hiyo rejeta ya juu inapozwa na hewa ya nyuzi 36. Kwa hali ya Dar chagua kasha ambalo rejeta zote mbili zinavuta hewa ya nje, ya mbele na ya ubavuni au chini, halafu feni za juu na nyuma zitoe tu.

Nyali_254

Kabla hujanunua hata oringi moja, shusha ukomo wa umeme wa kadi. Fungua programu ya MSI Afterburner, weka asilimia 80, na kadi itaishia wati 460. Fremu (picha kwa sekunde) zinazopotea ni chache mno kuziona ukiwa barabarani, ila wati 115 zimeondoka kwenye hesabu ya Rejeta360. Kwa hapo B inabeba wati 153 kwa sehemu na inaacha kupiga kelele.

Na joto halipotei kwa sababu umeweka maji. Mashine inayokula wati 800 inamwaga chumbani BTU 2,730 kwa saa, iwe A, B, C au D. Hiyo ni karibu theluthi ya AC ya BTU 9,000. Dirisha likifungwa bila AC, nyuzi 31 zako zitakuwa 34 baada ya muda na maji yatazifuata. Kwa hiyo mimi ni B, kadi ikiwa kwenye asilimia 80, na pesa iliyobaki ya lupu iende kwenye AC ya inverter.

Tena kwa sisi wa karibu na bahari: chumvi na unyevu huanza na skrubu za rejeta na mapezi yake. Chujio za vumbi zioshwe kila wiki mbili, zikauke kabisa ndipo zirudi.

MamaChipu

Nakubaliana na Nyali kuhusu asilimia 80, lakini kumbukeni kwamba AIO ya kiwandani haijazwi tena. Maji hupenya taratibu kwenye mpira, na pampu ikichoka umepoteza kipozaji cha kadi ya dola 1,999 (bei ya kutangazwa Januari 2025, kwetu inafika na zaidi). Kwenye C pampu ikifa unanunua pampu. Kwa mtu ambaye dhamana yake iko nchi nyingine, hilo kwangu lina uzito kuliko nyuzi tano.

Anayekwenda C aagize kwa mkupuo mmoja, maana fitingi moja ikikosekana kazi yote inasimama: rejeta 2 za 360 za shaba zenye unene wa milimita 30, pampu ya D5 yenye tangi lake, bloku ya prosesa ya AM5 (soketi ya 9800X3D), bloku ya kadi, mpira wa EPDM mita 3 wa kipimo cha 10/16 (milimita 10 ndani, 16 nje), fitingi 10 za uzi wa G1/4 za kipimo hichohicho na 2 za akiba, kona za nyuzi 90 nne, kiungo cha T kimoja, valvu moja ya kumwagia maji, kihisi cha joto la maji cha pini mbili, kulanti lita 2. Lupu itakunywa kama lita 1, nyingine ni ya akiba na kuongezea. Fitingi ya 10/13 kwenye mpira wa 10/16 haifungi, na watu hukosea hapo kwa sababu namba ya kwanza inafanana.

Feni tisa hazikai kwenye pini moja ya mazabodi. Pini nyingi zinavumilia ampia 1, feni tisa za ampia 0.2 zinataka 1.8. Nunua habu ya feni inayochukua umeme wake kwenye waya wa SATA wa pawasaplai.

Bloku ya kadi ndiyo kazi ya hatari. Chagua bloku kwa jina kamili la kadi, usiangalie "5090" peke yake. Founders Edition (kadi ya Nvidia wenyewe) imejengwa kwa bodi tatu zilizounganishwa, kwa hiyo kama hujawahi kufungua kadi achana nayo, tafuta ambayo bloku imefungwa kiwandani. Ukiifungua mwenyewe, fuata unene wa pedi ulioandikwa kwenye kijitabu. Pedi nene kupita kiasi inainua bloku isiguse chipu vizuri, nyembamba inaiacha kumbukumbu ya kadi (GDDR7) bila mguso, na kumbukumbu hizo huchemka kuliko chipu yenyewe.

Fitingi zikazwe kwa mkono. Spana hupasua akriliki ya tangi, na ufa wake huanza kuvuja wiki kadhaa baadaye.

kona_ya_tatu

Dada, asante. Na kujaribu kama inavuja? Wengine wanasema washa tu uweke tishu chini.

MamaChipu

Hewa kwanza, maji baadaye. Pampu ndogo ya mkono yenye geji, jaza hewa hadi bar 0.5, acha nusu saa. Mshale ukishuka kaza fitingi moja moja mpaka usimame. Ndipo ujaze maji.

Wakati wa kujaza, mazabodi na kadi zisipate umeme kabisa. Toa nyaya zao zote, acha pampu peke yake kwenye pawasaplai, na uiwashe kwa kuunganisha pini 16 ya plagi ya pini 24 (waya wa kijani) na waya wowote mweusi. Pawasaplai za siku hizi nyaya zote ni nyeusi, kwa hiyo tumia plagi ya jampa usibahatishe. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla halijaisha, jaza tena. D5 hulainishwa na maji yanayopita ndani yake, ikizunguka kavu inajiua. Inamisha kasha huku na huku mapovu yatoke kwenye rejeta. Tishu nyeupe chini ya kila fitingi, pampu izunguke saa 24.

Rejeta360

Naongeza kuhusu maji. Rejeta mpya zina mabaki ya ulehemu ndani. Tia maji ya moto yaliyokenekwa, tikisa dakika mbili tatu, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Usipofanya hivyo uchafu utaenda kukaa kwenye njia nyembamba za bloku ya prosesa, na joto litapanda ghafla baada ya wiki chache huku pampu ikiwa nzima.

Maji ya chupa ya kunywa yana madini, hayafai. Maji ya betri ya sheli yanafaa endapo chupa imeandikwa yamekenekwa. Soma vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Bora zaidi ununue kulanti nzito ya kuchanganya sehemu 1 kwa 9, ina dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Rangi za maziwa zinazong'aa kwenye picha huacha tope kwenye bloku. Kama unataka kuendesha gari usitake kupiga picha, weka maji yasiyo na rangi.

Na rejeta ya alumini isiingie kwenye lupu yenye bloku za shaba au nikeli. Metali mbili tofauti ndani ya maji hulana, na alumini ndiyo inayoliwa.

D siipingi kwa sura, ila bomba za plastiki ya PETG huanza kulainika maji yakikaribia nyuzi 60. Pampu ikisimama mkiwa kwenye nyuzi 31, huko mtafika haraka. Anayetaka bomba ngumu pwani achukue akriliki, na akubali kwamba kila akibadili kadi atakunja bomba upya.

pikseli_nne

Mmesahau skrini! Tatu za 1440 ni pikseli milioni 11.06, moja ya 4K ni milioni 8.29. Yaani mzigo ni theluthi zaidi ya 4K, na 5090 inaumudu. Tatu za 4K ni milioni 24.9, hapo hata kadi hii itahema. Ile moja pana ya inchi 49 yenye 5120 kwa 1440 ni milioni 7.4, nyepesi zaidi na haina kingo za skrini katikati, ila haikuzunguki vya kutosha kuona gari lililo ubavuni.

Pembe si ya kukisia. Skrini ya inchi 27 ina upana wa sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, kila skrini inachukua nyuzi 53 za macho yako, na za pembeni zikunjwe nyuzi 53 hizohizo. Jumla ni nyuzi 159. Ukirudi hadi sentimita 70 inakuwa nyuzi 46. iRacing inakuuliza upana, umbali na pembe; zipime kwa futi, usijaze kwa macho, la sivyo barabara itavunjika kwenye maungio.

Skrini zote tatu ziwe za aina moja na hezi moja (kasi ya kubadili picha). Ukichanganya 144 na 60, kumbukumbu ya kadi mara nyingi hukataa kupumzika hata ukiwa huchezi, na hayo ni wati za bure kwenye chumba chenu cha nyuzi 31. 5090 ina DisplayPort tatu na HDMI moja, kwa hiyo hakuna haja ya vigeuzi.

Stima_Kwanza

Upande wa umeme: Nvidia wanapendekeza pawasaplai ya wati 1000 kwa 5090, na kwa lupu mimi nasema 1200 ya kiwango cha ATX 3.1. Kebo ya umeme ya kadi (12V-2x6) isukumwe mpaka isibaki nafasi, na isikunjwe ndani ya sentimita 3.5 kutoka kwenye plagi. Baadhi ya plagi zilizoyeyuka zilikuwa hazijaingia sawasawa.

UPS (betri ya akiba) ya 1500 VA mara nyingi ni wati 900 tu. Mashine na skrini tatu zinagusa 1000, kwa hiyo umeme ukikatika itazima zote papo hapo. Tafuta ya 2000 VA au zaidi yenye wimbi safi la sine, na soma wati, usisome VA. UPS yenyewe ichomekwe ukutani moja kwa moja, ekstensheni za bei poa hupata moto.

Mlima_Gia

Sisi wa Nairobi je? Hapa chumba ni nyuzi 23.

Rejeta360

Mko mita 1,795 juu ya bahari, hewa yenu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo feni kwa mwendo uleule inabeba joto pungufu. Hizo nyuzi 8 mlizotuzidi kwa ubaridi zinafidia na kubaki. Kwenu B inatosha kabisa.

Nyali_254

Na chila, ile mashine ya kupoza maji kama friji? Kuna wanaotaka kuyashusha maji hadi nyuzi 15.

Rejeta360

Pwani usithubutu. Hewa ya Dar huanza kudondosha umande kwenye kitu chenye nyuzi 24 au chini. Maji ya nyuzi 15 yatalowesha nje ya mipira na bloku, na matone yatashuka kwenye kadi. Funga mwendo wa feni kwenye kihisi cha maji badala ya joto la prosesa: nyuzi 38 zizunguke taratibu, nyuzi 46 ziende kasi kamili. Maji huchukua robo saa au zaidi kupata joto lake, kwa hiyo jaribio la dakika tano halikuambii kitu.

kona_ya_tatu

Nimeelewa. Naenda C, 360 mbili zote zikivuta ndani, EPDM, kadi kwenye asilimia 80. Valvu niiweke wapi?

MamaChipu

Kwenye T, sehemu ya chini kabisa ya lupu, na mdomo wake utazame upande wa kasha unaofunguka. Ukiiweka nyuma ya pampu utalazimika kulaza mashine ikiwa na lita nzima ndani. Kulanti ibadilishwe kila miezi 12.