Mdogo wangu anataka kujifunza Python kwa simu, inawezekana?

Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, Tanga. Kompyuta hana, ana simu ya Android tu, na bando ni la kuungaunga. Ameng'ang'ania kujifunza kuandika programu kwa Python, ile lugha ya kuiamuru kompyuta. Simu inatosha?

Jibu: Inatosha kabisa kuanzia, mkuu. Apakue Pydroid 3, programu ya Android ya kuandikia Python. Ikishaingia inaendesha Python bila intaneti. Mimi nafundisha vijana wa mtaani kwetu jioni, na ninachowasisitizia ni kutotazama video mfululizo. Atazame kipande, afunge, aandike mwenyewe bila kunakili. Kisha aharibu makusudi: atoe nukta mbili (:) mwisho wa mstari wa "if", yaani amri ya sharti, asome Python inalalamika nini. Akizoea kusoma ujumbe wa makosa, hofu inaisha.

Halafu apate kazi yenye maana kwake. Kijana mmoja hapa aliandika programu ya kujumlisha mauzo ya genge la mama yake: nyanya, vitunguu, mkaa. Orodha na vitanzi (amri za kurudiarudia) alivijua kwa sababu alivihitaji, na leo anawaelekeza wenzake. Nafurahi sana nikimwona.

Jibu: Kiingereza kikimsumbua, aanze na Scratch ya MIT, chuo cha Marekani; humo unaunganisha vipande vya amri badala ya kuandika. Ipo tangu 2007, ina Kiswahili, na ikiwekwa kwenye kompyuta ya shule haidai mtandao.

Muulizaji: Asanteni sana. Mama anauza samaki wa kukaanga, kwa hiyo hesabu za kuanzia zipo. Kuhusu Scratch, nitaongea na mwalimu wake.