Msaada: ukungu umegoma kuota hata kwenye sahani isiyo na dawa

Chipukizi_Maabara: Wakuu, shikamooni. Niko mwaka wa mwisho. Nachunguza kama mafuta ya karafuu na ya mchaichai yanazuia Aspergillus flavus, ule ukungu wa kijani unaotoa sumukuvu kwenye mahindi. Nilipandikiza kwenye agari ya viazi (ile jeli ya kuoteshea ukungu), nikaweka vikaratasi vyenye mafuta, sahani zote boksi moja, nyuzi 28. Siku ya tano hakuna kilichoota, hata kwenye zile za maji matupu! Boksi zima linanukia pilau. Msimamizi kasema "rudia", basi. Nimekosea wapi? Dawa ya ukungu ya kulinganishia ninayo fluconazole.

Babu_Agari: Marahaba. Jibu umeshaliandika: linanukia pilau. Mafuta ya karafuu karibu yote ni eugenol, ile kemikali ya harufu yake, na mvuke wake umeziingia sahani jirani. Kila mafuta boksi lake, za maji ziwe mbali kabisa. Ila kosa hilo usilitupe. Weka tone kwenye kifuniko bila kugusa agari, ujue mvuke peke yake unafanya nini. Ghalani hicho ndicho cha maana.

MtotoWaWete: Ni mafuta ya maua au ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu? Huku Pemba ni vitu viwili, bei mbili. Andika kwenye ripoti.

Bi_Pipeti: Mdogo wangu, mafuta na maji havipatani. Yachanganye kwanza na Tween 80 kidogo (kichanganyishi cha mafuta na maji), kisha uyatie kwenye agari ikiwa bado ya majimaji, si ya moto sana. Za kulinganishia nazo zitiwe Tween ileile, bila mafuta. Na fluconazole haiwezi Aspergillus, hiyo ni ya kandida, fangasi wa aina nyingine. Tafuta itraconazole.

Mkulima_Kibaigwa: Kwa hiyo nikimwaga karafuu kwenye mahindi yaliyoota ukungu nayala?

Bi_Pipeti: Hapana kaka! Ukungu ukifa, sumu iliyokwisha ingia inabaki, na kupika hakuiondoi. Anika mahindi yakauke kabla ya kuyaweka ghalani.

Chipukizi_Maabara: Asanteni sana. Ila nimebakiwa na sahani 12 tu.

Babu_Agari: Zinatosha kwa karafuu. Viwango viwili vya mafuta, Tween tupu, itraconazole, kila kimoja mara tatu. Pima kipenyo cha ukungu kila siku. Mchaichai utasubiri.