Nataka kuwapeleka wazazi matembezi ya meli, mama anaogopa maji tangu MV Bukoba. Nianzie wapi?

Mnyegezi_Halisi:
Habari zenu wakuu, shikamoo kwa wakubwa zangu. Naomba ushauri kwa anayejua mambo ya hizi meli za kitalii. Mzee wangu kastaafu na tangu tukiwa wadogo ana hamu moja tu, kupanda zile meli kubwa anazoziona kwenye tv, zile zina bwawa la kuogelea juu na watu wanakula mpaka usiku. Mwakani wanatimiza miaka 40 ya ndoa, sisi watoto tumechangishana, hela si nyingi ila ipo. Tumeona ofa za kuondokea Durban, siku chache tu, bei haitishi kabisa, mpaka nikaanza kujiuliza kuna nini nyuma yake.

Sasa shida ni mama. Mdogo wake wa mwisho alifia kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba, na tangu hapo mama hajakanyaga chombo cha maji, hata kivuko hapandi. Misiba ya upande wa Sengerema alikuwa anatuma rambirambi tu, ameanza kwenda mwenyewe baada ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa Juni 2025. Mzee anasema atazoea tu akishapanda. Mimi sina uhakika na hilo. Je nimshawishi vipi, au nimwache? Na hiyo bei ya Durban ni bei kweli au kuna mambo? Natanguliza shukrani.

BintiKemondo:
Mkuu hongera kwa kuwakumbuka wazazi. Mimi ningesema kabla ya Durban anzeni na maji ya nyumbani. Hapo hapo Mwanza mnapanda boti kwenda Saanane, ni hifadhi ya taifa na safari yenyewe ni fupi sana, ukiwa kisiwani mji unauona wote, mama akisema turudi mnarudi saa hiyo hiyo. Akiweza hapo ndio mfikirie Ukerewe, na akiweza Ukerewe basi New Victoria kwenda Bukoba.

Na mkipanda Victoria tafadhali wakatie chumba, msiwakatie viti eti kuokoa hela. Mle ndani pana nafasi ya watu 1,200, sehemu za kukaa zinajaa, watu wana mizigo na watoto, mzee hatalala. Ukiwa na chumba unafunga mlango, unajinyoosha, alfajiri unatoka nje kabaridi kanapiga, unaiona Kemondo kwa mbali, gatini mikungu ya ndizi imeshapangwa inasubiri kupakiwa na akina mama wamejitanda khanga mpaka kichwani. Mimi hiyo ndio holidei yangu kila nikienda kwetu, mabwawa ya kuogelea sijayamisi. Mwezi nao chagua, Juni mpaka Agosti upepo wa kusini unavuma sana ziwani na meli inasukwa, kwa mtu mwenye hofu si wakati mzuri.

Baharia_wa_Jikoni:
Nimefanya kazi jikoni kwenye hizi meli za kitalii, Mediterania na Karibiani, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Kwanza bei. Ile unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani, na ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, halafu kuna bakshishi ya wafanyakazi ambayo inakatwa kila siku kwa kila mtu, kwenye kampuni nyingi za Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa siku, sasa piga hesabu watu wawili siku saba, hiyo ni zaidi ya dola 220 na bado hujanywa hata soda. Ndio, soda mara nyingi unalipia, bia unalipia, intaneti unalipia, daktari wa melini unalipia tena bei ya kukaba. Chakula cha bafe na cha ukumbi mkubwa ndicho cha bure na kwa kweli kinatosha, hamna haja ya ile migahawa ya kulipia. Na simu, waambieni wazee waweke mode ya ndege kabla meli haijaondoka, maana katikati ya bahari simu inashika mtandao wa satelaiti wa meli yenyewe na bili yake ni balaa.

Pili hofu ya mama. Mimi hofu hiyo naiheshimu, ila kuna vitu akivijua vinaweza kumsaidia. Mkishapanda tu, kabla meli haijang'oa nanga, kila abiria lazima ajue kituo chake cha dharura na aoneshwe laifu jaketi inavyovaliwa, mzee kijana tajiri wote, hakuna wa kukwepa. King'ora chake ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Hii kanuni ilikazwa baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba kule Italia Januari 2012 wakafa watu 32, kulikuwa na abiria mamia waliopanda jioni ile ile na walikuwa hawajafanyishwa zoezi. Siku hizi zoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu mnapoondoka. Mwambieni mama asichukulie kama usumbufu, awe wa kwanza kufika pale, aulize maswali, afunge zile kamba yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nimeona wazee wengi sura zinabadilika baada ya hilo zoezi.

Chumba chagueni cha katikati ya meli na ghorofa za chini, huko meli haichezi sana. Watu wanakimbilia juu na mbele kwa ajili ya kuona mbali, halafu bahari ikichafuka wao ndio wa kwanza kutapika.

NzegaMpakaRock:
Mimi naomba nitofautiane kidogo. Hizi kruzi, yaani safari za meli za kitalii, unalipa hela nyingi halafu unafungiwa. Meli inafika mji saa mbili asubuhi, saa kumi na moja jioni mnaambiwa mrudi, umeona nini hapo? Hela hiyo hiyo wapelekeni wazee Zanzibar wiki nzima, watakula samaki, watatembea Forodhani, mama hatakuwa na wasiwasi. Mtu anaongea kwamba katembea nchi tatu kumbe kaona bandari tatu.

Baharia_wa_Jikoni:
@NzegaMpakaRock kwa anayetaka kuijua miji uko sahihi kabisa, kruzi haimfai. Lakini mzee huyu hajasema anataka kuona Msumbiji, anataka kuona meli. Kwa mtu kama huyo meli ndio safari yenyewe, siku mnayoshinda baharini bila kutia nanga ndio tamu kuliko zote. Meli ya kitalii Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024 ina urefu wa mita 365. Meli yetu ya ziwani MV Mwanza ambayo tunaiona kubwa ni mita 92.6, kwa hiyo ni karibu MV Mwanza nne mfululizo. Mzee anayependa vyombo akiingia humo anaweza kuzunguka kutwa anatazama tu mashine za kushushia boti za uokoaji.

Na kwa faida yake, kama anapenda historia mwambie kiwanda cha Papenburg Ujerumani kilichotengeneza MV Liemba ya Kigoma mwaka 1913 bado kipo, na leo kinaunda hizi hizi meli za kitalii.

Igoma_Mashariki:
Mnyegezi, mimi naishi Igoma, makaburi ya MV Bukoba nayapita nikienda kazini, na kwenye ukoo wetu pia tulipoteza watu Mei 21, 1996. Nakuomba usimfuate mzee kwenye hilo la "atazoea akishapanda." Mtu aliyesubiri maiti uwanjani haambiwi hivyo. Watu zaidi ya 800 walikufa siku ile na mji mzima ulikuwa unanuka msiba. Halafu tulipoanza kusahau ikaja ajali ya kivuko cha MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, wakaondoka wengine zaidi ya 220, na gati lilikuwa pale pale wanaliona. Kwa hiyo mama yako haogopi maji kama mtoto anavyoogopa giza, anaogopa kitu alichokiona.

Ninachokushauri, usimletee tiketi iliyokwisha katwa eti sapraizi. Hapo utamweka njia panda, akikataa anaonekana kaharibu sherehe ya mume wake, akikubali anapanda anatetemeka. Kaa naye peke yake mzee akiwa hayupo, muulize anaogopa nini hasa, maana wengine si maji, ni msongamano, wengine ni usiku, wengine ni ile kutojua mlango uko wapi. Ukishajua ndio utajua kama kuna dawa. Na akisema hapana, basi mzee aende na mmoja wenu, mama mpange kitu chake kingine. Ndoa ya miaka 40 haivunjiki kwa hilo.

MhasibuKirumba:
Naongezea kwenye hela tu. Sauzi na Msumbiji Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi, hapo mmeokoa pesa na foleni. Mediterania ni Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kama meli inatoka nje ya Schengen, tuseme inapita Uturuki halafu inarudi Ugiriki, viza ya kuingia mara moja haiwatoshi, hakikisheni ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Paspoti ziwe na zaidi ya miezi sita mbele. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano wabebe. Bima ya safari msiiruke kwa watu wa umri huo.

Durban nayo meli za kitalii huwa zipo kiangazi cha kule, Novemba hadi Machi hivi, wanazunguka visiwa na fukwe za Msumbiji. Kwa miaka mingi kampuni ya MSC ndio wamekuwa wakiweka meli pale, lakini hizi kampuni huwa zinahamisha meli msimu hadi msimu, kwa hiyo hakikisha msimu unaoutaka ipo kabla hujakata ndege. Na ndege yenyewe ni Mwanza Dar Johannesburg Durban, msithubutu kufika siku ile ile ya meli, fikeni siku moja kabla mlale, meli haimsubiri mtu wa ndege iliyochelewa.

Mnyegezi_Halisi:
Jamani asanteni sana, sikutegemea. @Igoma_Mashariki maneno yako nimeyasoma nikanyamaza muda. Jana nimeenda nyumbani mzee akiwa kanisani nikakaa na mama jikoni, nikamuuliza kama ulivyosema. Hakuniambia habari za mawimbi kabisa. Alichoniuliza ni hiki, "hao watu wanaandikwa majina?" Anasema yeye kinachomuuma mpaka leo ni kwamba walikaa siku nyingi hawajui kama mdogo wake alikuwemo au hakuwemo, maana abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, walikuwa wanatembea na picha yake tu wanauliza. Sasa swali hilo nimeshindwa kumjibu. Baharia upo?

Nyingine, mama ana presha na sukari, anatumia dawa kila siku.

Baharia_wa_Jikoni:
Nipo mkuu, na mpe pole sana mama.

Mjibu hivi, wanaandikwa na wanahesabiwa. Siku ya kupanda kila abiria anapigwa picha ya uso na anapewa kadi yenye jina lake, na juu yake kuna alama ya kituo chake cha dharura. Kadi hiyo ndio ufunguo wa chumba na ndio ya kununulia vitu. Ukishuka bandarini inasomwa kwenye mashine mlangoni picha yako inatokea, ukirudi inasomwa tena, kwa hiyo muda wowote nahodha akitaka kujua nani yumo na nani yuko nchi kavu anapata jibu kwa majina. Siku ya kuondoka kama kuna mtu hajarudi wanamjua ni nani na wa chumba kipi. Hata jikoni sisi tulikuwa tunahesabiwa kwenye mazoezi yetu kila wiki, kila mmoja na kituo chake.

Na ziwani kwetu mwambie naye adai hivyo hivyo, akikata tiketi ya Ukerewe au Bukoba jina liandikwe sawasawa na kitambulisho, na chombo akiona kimejaa kupita kiasi ana haki ya kushuka, tiketi ibaki huko huko.

Dawa zote aziweke kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku makubwa mnayakabidhi bandarini na yanaweza kufika chumbani jioni kabisa, mgonjwa wa sukari hawezi kusubiri sanduku. Abebe za siku za ziada pia, na karatasi ya daktari kwa Kiingereza yenye majina ya dawa. Kama anachoma insulini andikieni kampuni mapema muulize friji ya chumbani inafaa kuhifadhi dawa au zihifadhiwe kwa daktari wa meli. Chakula cha mtu wa sukari waambieni wakati wa kufanya bukingi, na mkifika mezani siku ya kwanza mrudie tena kumwambia mhudumu, atakuwa anawahudumia hao hao safari nzima.

BintiKemondo:
Vidonge vya kuzuia kutapika amuulize daktari wake kwanza kabla ya kununua famasi, vingine havikai vizuri na watu wa presha. Tangawizi ya kutafuna ipo sokoni, abebe. Na Saanane muende asubuhi mkuu, mchana upepo unaanza na boti inarukaruka.