Kalkulasi ina kazi gani kwa mhandisi na afisa mipango miji?

BintiWaTabata
Shikamooni wakubwa. Nipo kidato cha tano, PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati). Ndoto yangu ni mipango miji, ikishindikana uhandisi ujenzi. Hesabu nyingine naziweza, ila tangu tuingie kwenye kalkulasi nimekwama. Jana nimehangaika na eneo chini ya grafu mpaka saa sita usiku. Jibu nikalipata, halafu nikajiuliza: hili eneo ni la nini? Kaka yangu anasema nihamie HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) mapema. Mnaofanya kazi hizi, mmewahi kuitumia? Naomba mfano wa kazini kabisa.

mtu_wa_mitaro
Marahaba mdogo wangu. Usihame. Nina miaka 14 kwenye barabara na mitaro, na hilo eneo chini ya grafu nalitafuta kila masika yanapokaribia.

Chukua hekta 12 za mashamba na majani. Mvua inanyesha milimita 60 kwa saa, na tunakadiria 0.3 ya mvua hiyo ndiyo inatiririka, nyingine ardhi inainywa. Kilele cha mkondo, yaani maji yanayopita kwa sekunde yakiwa mengi kabisa, ni 0.3 × 60 × 12 ÷ 360 (hiyo 360 ni ya kubadilisha vipimo tu), sawa na mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Sasa pima viwanja, watu wajenge, waezeke mabati, wasakafie nyua. Ile 0.3 inapanda kuwa 0.8. Mvua ni ileile, kilele kimefika 1.6.

Hapo ni kuzidisha na kugawanya tu. Kalkulasi inaingia ukiuliza maji yote kwa jumla ni kiasi gani. Tuseme mvua imenyesha dakika 20, na ni muda huohuo maji ya mbali kabisa yanatumia kufika kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Mkondo utapanda dakika 20, utashuka dakika 20. Chora grafu, muda chini, mkondo pembeni: unapata pembetatu. Eneo lake ni nusu ya sekunde 2,400 mara 1.6, sawa na mita za ujazo 1,920. Kabla ya ujenzi zilikuwa 720. Zilizoongezeka ni 1,200, maboza 120 ya lita 10,000, na yote yanamshukia mtu wa bondeni ndani ya dakika 40.

Mwaka wangu wa pili kazini tulipitisha mchoro wa viwanja namna hiyo. Tuliangalia kilele peke yake, tukaweka kalavati kubwa, tukaondoka tumeridhika. Mvua ya kwanza maji yalipita vizuri sana kwetu, yakaingia kwa mama mmoja huko chini. Nilifika asubuhi yake. Alama ya tope ukutani ilikuwa juu ya soketi za umeme, na madaftari ya watoto yameanikwa juu ya banda la kuku, wino umechuruzika. Hakunigombeza, alinipa kiti. Hakuna mtu kati yetu aliyetafuta eneo chini ya ile grafu, nami nilikuwa nimefaulu somo hilo chuoni.

Wewe wa Tabata unaijua Jangwani, lile bonde la hapo Dar es Salaam. Maji ya Msimbazi yanayofunga Barabara ya Morogoro yanaanzia huko vilima vya Pugu, na kila kiwanja kinachosakafiwa njiani kinaongeza lake.

ramani_na_mipaka
Nami naongezea upande wa mipango miji. Kwa mkono siandiki intigresheni (huko kutafuta eneo chini ya grafu), programu ya ramani inafanya. Lakini ramani ya mteremko, ile inayotuonyesha pa kuweka viwanja na pa kuacha wazi, ni difarensiesheni tupu: kimo kinabadilika kiasi gani kwa kila mita unayosogea. Siku moja ramani yangu ilitoka nyekundu yote, mtaa tambarare umekuwa kama ukuta. Kimo kilikuwa kwa mita, umbali kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mwenzangu alikuwa tayari anaichapa. Ukijua mteremko ni kitu kugawanywa kwa kitu, unajua pa kutafuta kosa.

BintiWaTabata
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Swali: kumbe mngefanyaje kwa yule mama? Mngechimba bwawa la kubeba zote 1,200?

mtu_wa_mitaro
Swali zuri. Bwawa ndiyo, lakini si la 1,200, kwa sababu maji yanatoka huku yanaingia. Kasi ya bwawa kujaa ni yanayoingia toa yanayotoka. Tuseme tundu la kutokea tumelibana lisipitishe zaidi ya 0.6, kiwango alichokuwa anapokea zamani. Mkondo ukiwa chini ya hapo, maji yanapita tu. Ukizidi, bwawa linaanza kupanda, na linaacha kupanda pale mkondo unaposhuka tena hadi 0.6. Pale kasi ya kujaa ni sifuri. Ndiyo ile "dy/dx = 0" mnayofundishwa.

Chora mstari wa 0.6 ukate pembetatu yako, utafute eneo lililobaki juu ya mstari. Nipe jibu, na dakika ambayo bwawa limejaa kabisa.

BintiWaTabata
Mita za ujazo 750. Dakika ya 32 na nusu.

mtu_wa_mitaro
Sawasawa. Mwonyeshe kaka yako hilo daftari.